Mrija Wako, Dominiko

Dominiko, rafiki yangu,

Siku zile za mwisho, kifua kimekubana na mimi nimekaa kwenye kigoda kando ya mkeka wako nikilia bila kujificha, ulinigeukia ukasema, "Stani, usiniletee machozi. Mi nataka habari." Basi machozi nimeyamaliza, au niseme nimeyapunguza. Leo nina habari, na ni kubwa, kwa hiyo kaa vizuri huko uliko.

Felisita, binti yako, ameposwa. Watu wa Nyakiriba walikuja, wakaomba, wakapewa, wakarudi kwao wakiimba barabara nzima. Ndugu zako wako ng'ambo, upande wa Kongo, na hakuna aliyeweza kufika, kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti cha baba ni mimi. Ila nikikuambia hivyo tu hutajua nilivyotoka jasho siku hiyo. Ngoja nianze na madogo. Ulikuwa unamla samaki kuanzia mkiani, kichwa unakiacha mwisho. Na mimi nitafanya hivyo hivyo.

Mtumbwi wetu uko salama. Kwenye nafasi yako amekaa Yohana, yule yule aliyekuwa akitucheka kuliko wote. Wimbo naanzisha mimi, na wenzetu wananivumilia kwa sababu ya jina lako. Mama Mwajuma, yule wa chai ya tangawizi karibu na soko, amesema zamani akisikia sauti yako ziwani alijua aweke birika motoni, na sasa akisikia yangu anadhani tumepakia ng'ombe. Lakini birika analiweka hata hivyo, na kikombe cha kwanza bado ananipa mimi. Mkeo yuko mzima. Alikonda ulipokufa, sasa amerudi mwili, na anagombana na majirani juu ya kuku kama kawaida, ndipo nilipojua amepona.

Unakumbuka asubuhi ile tunatoka Kibuye, mtumbwi umejaa magunia ya maharage? Ulifungua mdomo kuanzisha wimbo, ubeti wa kwanza ukatoka, wa pili haukuja. Ukaanza upya. Haukuja. Wimbo wa baba yako, uliouimba tangu hujaota ndevu! Makasia yakaanza kugongana, kila mtu anapiga kivyake, mtumbwi ukageuka ubavu. Wenzetu walicheka wakidhani ni mzaha wako. Mimi nilikuwa nyuma yako, niliiona shingo yako, na shingo ile haikuwa ya mtu anayecheka. Tulipofika ulinivuta kando, ukasema, "Stani, kasiksi imekunywa wimbo yangu. Kesho itakunywa jina ya mutoto wangu." Kisha ukasema, "Mi naacha. Na we?"

Nilijibu ndiyo upesi sana. Watu wanaosikia hadithi hii wananisifu kwa hilo, wanadhani nilikuwa jasiri. Ukweli ni kwamba sikuwahi kukaa hata Jumapili moja bila wewe, na niliogopa kubaki peke yangu kwenye kasiksi, hiyo pombe yetu ya ndizi.

Kazi yetu yenyewe ilikuwa inaishia kwenye mtungi. Mwenye mzigo akiyapokea magunia yake yakiwa makavu, anaweka mtungi pale mchangani, wapiga kasia wanauzunguka, kila mmoja na mrija wake, na wote wanavuta. Asiyevuta ana kinyongo na mwenye mzigo, au na wenzake, au anajua kitu kibaya kuhusu mtungi ule. Mimi nilitaka tuwe tunashusha mzigo na kwenda nyumbani moja kwa moja. Ukakataa kabisa. "Tusikimbie watu, Stani. Watu iko wazuri. Tukimbie mutungi tu."

Ndipo ukaja na akili ya mutobe. Maji ya ndizi mbivu, yaliyokamuliwa kwa majani na kuchujwa, kabla hayajatiwa mtama na kuachwa yawe pombe. Watoto wanakunywa, wagonjwa wanakunywa, na sasa wanaume wawili wenye mabega watakunywa mbele za watu. Sawa. Ila tulikuwa wajinga, Dominiko, sijui tulikuwa tunafikiri nini. Tulichukua kibuyu kile kile tulichobebea pombe miaka yote, tukakisuuza kwa maji ya ziwa, tukakijaza mutobe na kukiweka mbele ya mtumbwi, jua linawaka. Mama yeyote anayekamua ndizi hapa Gisenyi angetuambia kwamba kibuyu kilichozoea pombe kinachachusha chenyewe. Hatukumwuliza mama yeyote. Tulipofika Gisenyi povu lilikuwa limekwishasukuma kizibo, na mimi mrija uko mdomoni tayari. Ukanipiga mkono. Ukakimwaga chote ziwani, ukayatazama maji, ukasema, "Bon. Leo tutavua samaki walevi." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Na ndani ya kicheko kile nilikuwa nimeogopa, maana nilikuwa nimeisikia ile harufu, na nilikuwa nimefurahi kuisikia.

Mkeo ndiye aliyetuokoa. Alikata kibuyu kipya kwenye uzio wake, akakitoa mbegu, akakikausha vizuri, akatukabidhi na kusema atakayekitia pombe atafute mke mwingine wa kumpikia, na hilo alituambia sisi wote wawili, ingawa mimi mke wangu ni Veneranda. Tangu hapo tukawa tunakaa kwenye duara lile lile, wao na mtungi wao, sisi na kibuyu chetu, mirija miwili. Walitucheka msimu mzima. Yohana alituita watoto wa kunyonya. Wewe ulikuwa unamjibu kwa kuvuta mutobe kwa kelele mpaka watu wa barabarani wanageuka.

Sikuwahi kukushukuru vizuri ulipokuwa hai. Mtu akianza tu kukushukuru, wewe ulikuwa unakohoa kwa makusudi, kile kikohozi chako kikavu, mpaka anakata tamaa. Sasa huwezi kukohoa. Utanisikiliza.

Nakushukuru kwa asubuhi. Nilipiga kasia kwenye ziwa hili miaka mingi bila kujua kwamba asubuhi lina harufu yake. Nakushukuru kwa Veneranda, ambaye ameanza kunisimulia mambo tena: nani kazaa, nani kagombana sokoni, padri amesema nini. Zamani alikuwa hanisimulii kwa sababu alijua nitasahau, na mimi nilidhani ni mwanamke asiyependa maneno. Kumbe ana maneno, Dominiko! Ana maneno ya kujaza mtumbwi. Nakushukuru kwa kuandika huku. Zile saa za jioni zilizobaki bila kazi nilizipeleka kwa katekista, akanifundisha, na barua hii ni ya mkono wangu mwenyewe. Nacheza ngoma arusini na siku ya pili nakumbuka nilicheza na nani. Migomba niliyopanda nyuma ya nyumba imezaa. Nimejijua kwamba mimi ni mwoga, na nimeona kwamba mtu mwoga anaweza kuishi vizuri kabisa, akipata mwenzake wa kukaa naye.

Lakini liko moja ambalo linapita yote. Ulipokuwa unakufa, nilikuwepo. Nilikuwa mzima, macho yangu mawili yanaona, nimekushika mkono, nimesikia kila neno. Zamani ningekuwa ufukweni, wangetuma mtu aniite, ningefika nikiyumba na kukuta wamekufunika. Asante, Dominiko. Asante sana. Hiyo ndiyo zawadi uliyonipa, kukuona ukiondoka.

Kwenye msiba watu walikuja na pole zao na mitungi yao, kama ilivyo desturi, na mimi nilikaa mlangoni nimekipakata kibuyu. Mrija wako sikuutoa. Ulibaki humo kando ya wangu, mrefu kuliko wangu, na zile alama za meno yako kwenye ncha. Nilikuwa nauosha kila nilipoosha wangu, naurudisha, unakauka, nauosha tena.

Sasa twende kwenye kichwa cha samaki.

Kijana anaitwa Emanueli. Ni mkulima, analeta viazi sokoni, na alikuwa ananunua samaki wa Felisita kila siku ya soko mpaka mama yake akauliza kwa nini siku hizi nyumba inanuka ziwa. Wazee wake wakatuma habari kwamba watakuja. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Unajua posa ilivyo huku kwetu. Wanaoposa wanakuja na mtungi. Msemaji wao anaonja kwanza, watu waone hakuna kibaya ndani, kisha anampa baba wa binti mrija. Baba akivuta, maneno yanaanza. Asipovuta, ni kama amewaambia hakuna binti wenu hapa, rudini mlikotoka. Na hawezi kumpa mtu mwingine avute kwa niaba yake.

Kila mtu aliniambia tone moja. Majirani, shemeji zako, hata Mama Mwajuma, ambaye pombe hajaigusa maisha yake yote na dini yake inamkataza, alisema labda Mungu atafumba jicho moja kwa ajili ya mtoto. Tone moja tu, Stani, unalowesha ulimi, unarudisha mrija. Na mimi nilitaka kuwasikiliza. Nakuambia wewe kwa sababu wewe utanielewa. Kwa muda wote huo nilikuwa natafuta sababu nzuri, na hii ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Nani angenilaumu? Ilikuwa kwa ajili ya binti wa rafiki yangu.

Felisita alikuja nyumbani siku moja kabla, ameleta samaki, macho yamevimba. Anampenda yule kijana, usidanganywe. Akaweka samaki chini akasema, "Baba mudogo, kesho usivute. Wakikasirika, wakasirike. Baba alinirudia nikiwa nimeisha kukata tamaa, na we ndo ulimushika mukono. Kama bwana anapatikana kwa kukuharibu we, mi sitaki bwana." Kisha akaondoka haraka kabla sijajibu. Nilitamani ungekuwepo umsikie. Halafu nikafurahi kwamba hukuwepo, ungeharibu kwa kukohoa.

Wakaja. Msemaji wao alikuwa Mzee Sebahizi, baba mkubwa wa kijana, mtu wa kofia kubwa na mizaha mingi, na mtungi wao ulikuwa mzuri, nakwambia, umefunikwa majani mabichi ya mgomba. Akaonja. Akapangusa mdomo. Akanipa mrija.

Nilipaswa kuukataa pale pale. Nilikuwa nimejiandaa, maneno nilikuwa nayo. Lakini mkono ulijua kazi yake ya zamani, ukaupokea. Harufu ikanijia, ya ndizi na mtama, tamu na kali, na mate yakajaa mdomoni. Mkono ukapanda. Ulifika hapa kidevuni, Dominiko. Watu wananisubiri, na mimi nilikuwa sifikirii Felisita, sikufikirii wewe, nilikuwa nafikiria mtungi tu.

Nyuma ya mkeka uliotundikwa, walikokaa wanawake, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha makusudi. Kikohozi chako kabisa. Niliganda. Kikaja mara ya pili, na ndipo nilipojua ni mwanao.

Nikaushusha ule mrija. Nikauweka juu ya mtungi wao kwa mikono miwili, kwa heshima, wasione nimeutupa. Nikasema: wazee wangu, mtoto huyu ana baba wawili, na mmoja yuko kaburini. Mimi na yeye tuliacha pombe siku moja, na tulikunywa kwenye kibuyu hiki mpaka alipokufa. Sina chuki na mtungi wenu. Lakini nikivuta leo, nitakuwa nimemfukuza baba yake nyumbani siku ya posa yake. Nawaomba tunywe cha kwake.

Mtu mmoja upande wao akasema polepole, "Ametukataa," na mwingine akaanza kuvaa viatu. Nilimwona Emanueli ameinamisha kichwa. Nikakivuta kibuyu, nikaonja mimi kwanza mbele ya wote, kama msemaji wao alivyoonja cha kwao. Kisha nikatafuta mrija wa kumpa mzee. Kwenye kibuyu ulikuwa umebaki mmoja tu.

Sikuwa nimepanga hivyo. Nakuapia. Nilikuwa nimesahau kwamba atahitaji mrija.

Nikamgeuzia ule wako. Mzee Sebahizi alizitazama zile alama za meno. Akauliza, "Hii muheha iko ya nani?" Nikamwambia mrija ni wa baba wa binti. Akavua kofia yake kubwa, akaiweka gotini, akainama, akavuta, akavuta tena, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. "Yeee! Iko sukari tupu! Hii iko ya watoto." Akatugeukia wote. "Donc? Si tumekuja kuomba mutoto? Tunywe." Watu wakaanza kucheka upande wao, kisha upande wetu, na nyuma ya mkeka mkeo akapiga vigelegele kabla ya wakati wake, kwa sababu maneno yenyewe ya posa yalikuwa hayajaanza. Mtungi wao tuliupokea kwa heshima, shemeji zako wakaukalia, haukurudi na tone. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Kwa hiyo aliyempokea mkwe ni wewe. Mimi nilishika kibuyu tu. Binti yako ameposwa kwa mrija wako, nao ulikuwa umelowa.

Arusi itakuwa baada ya mavuno. Felisita ameomba kitu kimoja tu kutoka kwenye uzio wa mama yake, mbegu za kibuyu kile. Anataka kuzipanda Nyakiriba. Amesema, "Siwezi kujua nani atakihitaji."

Nilidhani habari zangu zinaishia hapo. Lakini siku iliyofuata tulikuwa na mzigo, na tulipomaliza kushusha, mwenye mzigo akaweka mtungi wake mchangani kama siku zote. Nikakaa mahali petu. Yohana hakwenda kwenye mtungi. Alizunguka duara lote, akaja kukaa upande wangu, upande wako, na mikono yake ilikuwa inacheza mpaka akaifungia katikati ya magoti. Amekonda, Dominiko. Mke wake amerudi kwao tangu mvua zianze, na mimi nilipiga kasia nyuma yake siku zote hizo bila kumuuliza. Alikitazama kibuyu. Kisha akasema, bila mzaha wowote, "Stani, huu muheha wa pili iko na mwenyewe?"

Moyo wangu ulitaka kusema unaye, usiuguse. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho chenye meno yako. Nikakumbuka ulivyokataa tuwakimbie watu.

Nikamwambia, "Iko na mwenyewe. Vuta."

Akavuta. Bado anavuta. Mengine siyajui, na siku nyingine anaukalia mtungi wa wenzake mpaka namwita kwa jina, lakini anakuja. Ameanza hata kuvuta kwa kelele. Jana alinirekebisha wimbo wako, ubeti wa pili, nilikuwa nauimba vibaya, na aliukumbuka wote.

Pumzika, rafiki yangu. Umepata ulichotaka, sikukuletea machozi, ingawa karatasi hii ina mahali imelowa, na hapo laumu ziwa. Nakuahidi hivi: kibuyu kikipasuka, tutakata kingine kwenye uzio wa mkeo. Na mrija wako hautakauka tena mikononi mwangu.

Ni mimi, mwenzako wa kasia,
Stani